Neno Lisipotelee Paani: Sauti, Jengo na Masikio ya Waamini



Makala hii imetokana na malalamiko ya bibi mmoja. Wakati wa likizo ndefu, sisi mafrateri wawili tulitumwa kusaidia katika kigango kidogo upande wa Msimbati, ile rasi ya mchanga na minazi iliyoko kusini-mashariki mwa Mtwara mjini, karibu na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Wengi wetu tumeisikia Msimbati kwa sababu ya gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, au kwa sababu ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Wakristo wa huko ni wachache, na wanaishi kwa amani na majirani zao Waislamu, ambao ndio wengi.

Kanisa lenyewe ni jengo la kawaida ambalo kila msomaji analifahamu: kuta za matofali ya saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya sementi, madirisha ya nondo, na juu mabati bila dari. Baada ya ibada ya Dominika ya kwanza tulisimama mlangoni kuwasalimu watu. Bibi mmoja, ambaye hukaa benchi la mwisho kwa sababu miguu yake haimruhusu kutembea hadi mbele, alitushika mikono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu."

Tukamwuliza kama mahubiri yalimfaa. Akacheka. "Yalikuwa mazuri, maana niliwaona wa mbele wanatikisa vichwa. Sisi wa huku nyuma tunasali kwa kuwaangalia wenzetu. Wakisimama tunasimama, wakikaa tunakaa."

Juma lile lile halmashauri ya kigango ilikutana. Kulikuwa na fedha kidogo iliyobaki katika michango ya msimu wa korosho, na pendekezo lilikuwa kununua spika mbili kubwa zaidi. Tuliombwa maoni nasi tukaunga mkono upesi, maana tuliona jambo liko wazi: watu hawasikii, basi tuongeze sauti. Katekista ndiye aliyetusimamisha. Alisema, "Frateri, sauti ipo. Maneno ndiyo hayapo."

Kauli hiyo ilitufanya tutafute vitabu. Tuliyoyapata tunawashirikisha hapa, kwa sababu tunaamini vigango vingi vina shida hii hii, na vingi vinatumia fedha za watu maskini kuitibu kwa dawa isiyo yake.

Sauti ni kitu gani?

Sisi tunaosoma falsafa tulikuwa tumeshapita mahali penye jibu bila kutulia hapo. Aristoteli, katika kitabu chake juu ya roho, anaeleza kwamba ili sauti itokee ni lazima kiwepo kinachopiga, kinachopigwa, na kitu katikati kama hewa au maji. Mwangwi anauelezea kwa mfano wa mpira: hewa iliyosukumwa inagonga ukuta na kurudi. Karne tatu baadaye, Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, aliifananisha sauti na viduara vinavyotanuka majini mtu anapotupa jiwe, ila sauti hutanuka pia kwenda juu.

Mifano hiyo miwili inatosha kutupeleka mbali. Katika hewa ya joto kama ya pwani yetu, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde moja. Inapotanuka inapungua nguvu, kama viduara vya maji vinavyofifia. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia hubaki robo tu. Aliye mita 16 kutoka kwa msomaji anapata robo ya kile anachopata aliye mita 8.

Ndani ya jengo kuna jambo la pili. Sauti ikigonga kitu kigumu na laini usoni, kama plasta au sementi, karibu yote hurudi. Ikigonga kitu chenye vitundu vingi, kama nguo, mkeka au makuti, sehemu kubwa huingia humo na kufia humo. Kwa hiyo anayeketi kanisani husikia kwanza sauti iliyomjia moja kwa moja kutoka mdomoni mwa msomaji, kisha ile iliyogonga kuta, sakafu na paa.

Hizo zinazorudi zinaweza kuwa msaada au kero, na kinachoamua ni muda. Zikifika ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde baada ya ile ya kwanza, sikio huzichanganya nayo na neno linasikika kwa nguvu zaidi. Zikichelewa kuliko hapo, zinalikuta neno linalofuata na kulifunika. Kwa mwendo wa sauti, muda huo ni kama mita 17 za safari. Ukuta wa nyuma ulioko mita 20 kutoka mimbarini humrudishia padri na walioketi mbele sauti yake baada ya safari ya mita 40. Ndiyo maana mhubiri mgeni katika kanisa refu hujikuta akisimama katikati ya sentensi kana kwamba kuna mtu anamwigiza.

Mkia wa sauti

Mwangwi mmoja ulio wazi si tatizo kubwa kama maelfu ya miangwi midogo inayopandana. Piga kofi moja kanisani kwenu siku hakuna watu. Usikilize jinsi kofi linavyoacha mkia, sauti inayoendelea kuvuma hadi inyamaze. Tutauita mkia huo mrindimo.

Aliyekuwa wa kwanza kuupima kwa hesabu ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa arekebishe ukumbi mpya wa mihadhara ambamo wanafunzi hawakumwelewa mwalimu. Alichukua filimbi ya kinanda cha kanisa, saa ya kupimia, na mito ya viti iliyoazimwa kutoka ukumbi mwingine wa chuo. Usiku, mji ukiwa umetulia, aliipiga filimbi na kuhesabu sekunde hadi sauti ilipokwisha. Ukumbi ukiwa mtupu, mrindimo ulidumu takriban sekunde 5 na nusu. Katika muda huo mhadhiri alikuwa ameshasema maneno kumi na zaidi, na yote yalikuwa bado yanazunguka hewani. Sabine alikuwa akiingiza mito, anapima, anaongeza mingine, anapima tena, mpaka akapata kanuni. Baadaye ushauri wake ulitumika kujenga Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, ambayo wanamuziki wanaisifu hadi leo.

Kanuni yenyewe ni rahisi hata kwa sisi tulioikimbia hesabu. Chukua ujazo wa jengo kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya eneo linalofyonza sauti. Dirisha lililo wazi la mita moja ya mraba huhesabiwa kuwa 1, kwa kuwa sauti ikipita hapo hairudi. Plasta ya eneo hilo hilo ni kama 0.03 tu. Mtu mmoja aliyeketi, pamoja na nguo zake, ni karibu 0.45.

Tuchukue kanisa la mfano lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kimo cha mita 5. Ujazo wake ni mita 1,000. Sakafu, kuta na paa kwa pamoja ni kama mita za mraba 700. Tukizihesabu zote kuwa ngumu kama plasta, zinafyonza 21. Tuongeze madirisha wazi ya mita 10. Jumla ni 31, na mrindimo unakuwa sekunde 5 na kidogo, karibu sawa na ule ukumbi uliomsumbua Sabine. Wakiingia watu 100, jumla inapanda hadi 76 na mrindimo unashuka hadi sekunde 2 hivi. Wakifika 200, unakuwa sekunde 1 na theluthi.

Kwa kueleweka maneno, inatakiwa sekunde 1 au pungufu yake. Hayo ni makadirio, maana mabati hayafanani kabisa na plasta, lakini yanaeleza jambo ambalo kila katekista analijua bila kulipima: siku ya Noeli kanisa likifurika mahubiri yanasikika vizuri, na Jumatano wakiwa watu kumi na wawili hakuna anayeelewa kitu. Miili ya waamini ndiyo inayofyonza mrindimo. Kanisa hili linafanya kazi likijaa, na kigango kidogo hakijai kila Dominika.

Hapo ndipo tulipomwelewa katekista. Spika kubwa huongeza neno na huongeza mrindimo wake kwa kipimo hicho hicho. Uwiano kati ya neno na mvumo unabaki palepale, ila sasa kila kitu kinapiga kelele.

Darasa la uwanja wa ngoma

Jioni moja tulialikwa kutazama ngoma kijijini. Tulikwenda kama wageni wanaostarehe, tukarudi na somo. Wamakonde wana ngoma nyingi, na sindimba imejulikana nchi nzima. Wana pia ngoma za vinyago zinazochezwa wakati wa sherehe za jando na unyago. Zote hizo zina jengo lake, ingawa halina ukuta.

Sakafu ni mchanga. Mchanga una nafasi tupu kati ya chembe na chembe, kwa hiyo hunywa sauti na haurudishi mrindimo. Kila pigo la ngoma linasikika peke yake, safi, hata wapigaji wanne wakipishana upesi. Ngoma hizo hizo zikipigwa ndani ya kanisa la mabati zinageuka kuwa ngurumo moja.

Ngozi nazo hukanzwa motoni kabla ya mchezo. Hewa ya bahari ina unyevu, na ngozi yenye unyevu hulegea. Vijana huwasha nyasi au makuti makavu, wanaielekeza ngozi kwenye moto, wanapiga na kusikiliza, wanarudia mpaka sauti ipande. Ala inaandaliwa kwa ajili ya mahali na saa yake.

Lililotugusa zaidi ni duara. Wapigaji hukaa pamoja upande mmoja na watu huwazunguka wachezaji. Tulijaribu kuhesabu. Watu 200 wakiketi kwenye mabenchi ya watu kumi kumi, mistari ni ishirini, na wa mwisho yuko karibu mita 18 kutoka mbele. Watu hao hao wakikaa kwa nusu duara, wa mwisho anakuwa mita 9 au 10 tu. Umbali umepungua kwa nusu, na kwa kanuni tuliyoitaja juu, sauti inayomfikia ni karibu mara nne. Hakuna spika iliyonunuliwa.

Wagiriki wa kale walitumia akili hiyo hiyo walipojenga thieta ya Epidaurus katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Ina ngazi za mawe kwenye mteremko wa kilima, zimepinda kuzunguka uwanja, na inaweza kuchukua watu wapatao 14,000. Mteremko unasaidia kwa sababu sauti inayopita juu ya vichwa vya watu inanyonywa na vichwa hivyo. Msimbati ni tambarare, hakuna kilima, lakini msemaji anaweza kuinuliwa kwa ngazi mbili tatu.

Mzee mmoja alituambia kwamba ngoma ya usiku husikika vijiji vya mbali kuliko ya mchana. Fizikia inamuunga mkono. Mchana ardhi ina joto, hewa ya chini inapata moto kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani. Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupinda kurudi chini walipo watu. Mzee hakuhitaji kanuni. Alikuwa na masikio na miaka sabini ya kusikiliza.

Mawe ya Kilwa

Pwani yetu ina pia elimu ya majengo. Ukitoka Mtwara kuelekea kaskazini unafika Kilwa, na ng'ambo yake kisiwani kuna magofu ya Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe kuanzia karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa matao na makuba. Magofu hayo yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981.

Katika msikiti imamu huongoza sala akiwa amewapa waumini mgongo, ameelekea Makka, ambako kwa huku kwetu ni upande wa kaskazini. Kwa kawaida sauti ya mtu aliyekupa mgongo hupotea. Lakini mbele yake kuna mihrabu, upenyo uliopinda ukutani. Kazi yake ya kwanza ni kuonyesha kibla, na inafanya kazi ya pili: ukuta mgumu uliopinda unaipokea sauti ya imamu na kuirudisha nyuma kwa watu. Umbali ni mdogo sana, basi sauti hiyo hairudi kama mwangwi. Inaunganika na neno lenyewe.

Makanisa ya kale ya Kikatoliki yalikuwa na ukuta wa nusu duara nyuma ya altare, na padri aliyesali akiuelekea alisaidiwa namna hiyo hiyo. Huko Ulaya mimbari nyingi ziliwekewa kifuniko cha mbao juu ya kichwa cha mhubiri, ili sauti isipotelee kwenye paa refu bali iteremke kwa wasikilizaji. Hao wote walijenga bila umeme, ikawabidi waulize jengo litafanya nini na sauti ya mtu. Sisi tulipopata spika tuliacha kuuliza.

Jengo gani kwa wimbo gani?

Msomaji makini atasema: mbona makanisa makubwa ya abasia yana mrindimo mrefu na bado tunayapenda? Ni kweli. Anayeingia katika kanisa la abasia wakati watawa wanaimba masifu ya jioni kwa Kilatini anajisikia kama amefunikwa na sauti. Wabenediktini wa Ndanda, ambao utume wao ulianza mwaka 1906, walitujia na mapokeo hayo. Wimbo wa Kigregoriani una mstari mmoja wa sauti unaotembea polepole, hauna ngoma, na noti iliyopita ikiendelea kuvuma inaipamba inayofuata. Jengo na wimbo vilikua pamoja.

Ila Kanisa letu halikubaki na wimbo huo peke yake. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia, *Sacrosanctum Concilium*, iliyotaka muziki wa mapokeo ya watu upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka huo huo Padri Stephen Mbunga, Mtanzania wa upande wa Songea, alitoa kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tangu hapo ngoma, kayamba na sauti nne za kwaya zimeingia kanisani na hazitoki.

Muziki ulibadilika, lakini kuta zilibaki za plasta. Ngoma inahitaji mahali pakavu kama mchanga wa Msimbati. Mahubiri kwa Kiswahili, ambayo sasa kila mtu anapaswa kuyaelewa neno kwa neno, yanahitaji hivyo hivyo. Ile hati ya Mtaguso inasema makanisa yajengwe yakifaa kwa adhimisho na kwa ushiriki hai wa waamini, na maelekezo yanayotangulia Misale ya Kiroma yanataka waamini waweze kumwona na kumsikia padri, shemasi na wasomaji bila taabu. Kwa hiyo dari na mabenchi si mambo ya fundi peke yake. Mtakatifu Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Bibi wa benchi la mwisho anaguswa na mafundisho hayo kuliko sisi tulioyaandikia mtihani.

Mvua na mabati

Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Noeli inaangukia humo, Kwaresima pia, na mara nyingi Pasaka. Sisi tulikuwepo wakati wa kusi, hakukuwa na mvua, lakini waamini walitusimulia kwamba Ijumaa Kuu moja mateso ya Bwana yalisomwa na hakuna aliyesikia, hata msomaji mwenyewe.

Bati ni ngozi ya ngoma iliyowambwa juu ya vichwa vyetu, na kila tone la mvua ni kijiti. Tiba yake ni kuweka kitu kati ya bati na masikio. Dari ya mbao au ya gipsamu, ikiwa na nafasi ya hewa juu yake, hupunguza kelele hiyo sana, na hupunguza joto pia. Tutofautishe hapa kazi mbili. Dari ngumu na laini kama gipsamu huzuia mvua isisikike, lakini mrindimo wa maneno inaupunguza kidogo tu, kwa kuwa sauti huigonga na kurudi. Dari yenye vitundu, au yenye mikeka ya ukindu iliyotundikwa ikiachiwa nafasi nyuma yake, hufyonza zaidi. Paa la makuti hufanya kazi zote mbili kwa uzuri, ila linaogopa moto na linadai kubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Mtu anaweza kupendekeza turudie mawe ya matumbawe ya wazee. Hapana. Kuchimba matumbawe kumeumiza sana bahari ya Mtwara, na samaki wanaoishi humo ndio chakula cha majirani zetu. Akili ya Kilwa tunaweza kuichukua bila kuchukua mawe yake.

Tufanye nini?

Tunapendekeza hatua hizi, tukianza na zisizo na gharama.

Kwanza, pima. Piga kofi kanisani likiwa tupu na uhesabu sekunde. Kisha mtu asome Injili mimbarini kwa sauti ya kawaida, na wengine waketi pembe zote wakiandika walichosikia. Msiwasahau wazee, maana ndio wanaopoteza kwanza.

Pili, sogezeni watu. Mabenchi yakigeuzwa yaelekee mimbari kwa nusu duara au pande tatu, wa nyuma wanakaribia. Mimbari iinuliwe, na iwe karibu na watu.

Tatu, wasomaji wafunzwe kusoma polepole na kupumzika penye nukta. Katika jengo lenye mrindimo, ukimya mfupi unaupa mkia wa neno nafasi ya kwisha.

Nne, vaeni kuta. Vitambaa vizito, mikeka na mapambo ya majira ya liturujia vitundikwe kwenye ukuta wa nyuma, ule unaorudisha sauti kwa kuchelewa. Ukuta wa nyuma ya mimbari uachwe mgumu, ili uisaidie sauti iende mbele. Na tukumbuke kwamba hapa ni nchi ya mafundi wa mbao. Kifuniko cha mimbari si kazi ngumu kwao.

Tano, dari. Katika kanisa letu la mfano, dari inayofyonza sehemu nne kwa kumi ya sauti ingeshusha mrindimo wa watu 100 kutoka sekunde 2 hadi sekunde 1 hivi. Ni gharama kubwa, lakini hulipwa mara moja na hufanya kazi hata umeme ukikatika.

Sita, ndipo zije spika. Spika ndogo kadhaa zilizowekwa karibu na watu, zikielekezwa kwao na siyo kwenye kuta, kwa sauti ya chini, hushinda mbili kubwa zinazonguruma mbele. Karibu na bahari chumvi hula vyuma na waya, basi zitunzwe.

Hitimisho

Tulirudi kwenye halmashauri na kukiri kwamba tulikuwa tumeshauri kwa haraka. Mwenyekiti, mama mwenye maneno machache, alisema fedha zisitumike kwanza, tujaribu kitu. Jumamosi jioni vijana waligeuza mabenchi yakawa nusu duara kuzunguka mimbari, na akina mama wakaleta mikeka tukaitundika ukuta wa nyuma. Kofi lililopigwa baada ya hapo bado lilikuwa na mkia, ila mfupi kuliko wa asubuhi. Kesho yake spika hazikuwashwa.

Si kila mtu alifurahi. Mzee mmoja alisema hajazoea kusali akitazamana na watu, na mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba sauti za waimbaji wake zimepungua utamu. Alikuwa na haki, kwa kuwa mrindimo ulikuwa ukificha makosa yao. Kuhusu dari, kigango kilikubaliana fedha zile ziwe mwanzo, na michango iendelee msimu ujao wa korosho.

Bibi wetu hakuhama benchi lake la karibu na mlango. Mpangilio ndio uliomleta karibu, mita tisa hivi kutoka kwa msomaji. Baada ya ibada tulikwenda kumsalimu tukitazamia shukrani. Alimshika mkono mwenzetu aliyesoma somo la pili, akamvuta karibu.

"Mwanangu," alisema, "lile somo umelikimbiza."